Mota ya Kilowati 10 Iliyogoma Kwenye Noti 4.8: Kisa cha Boti Moja ya Matanga

Siku ya kwanza kuipeleka majini na mota mpya, boti ilitoka gatini kama inayovutwa kwa kamba. Moshi hakuna, mtetemo hakuna. Kilichosikika ni maji yakipita ubavuni na beringi ya shafti ikinong'ona kwa mbali. Dakika mbili za mwanzo kipima mwendo kilisoma noti 5.8 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, kilomita 1.85), na nahodha akaniangalia kwa uso wa mtu aliyepata alichokitafuta. Dakika ya tatu mwendo ukaanza kushuka wenyewe: 5.4, 5.1, 4.8. Hapo ukaganda. Akasukuma kipini cha mwendo hadi mwisho wake na boti isijibu.

"Fundi, hii si mota ya kilowati 10?" akaniuliza. "Dizeli ilikuwa na 13 na ikinifikisha 6 bila kulalamika. Hizi zangu zimepotelea wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu lilipatikana baada ya wiki tatu za kupima, na nimeona niandike kisa hiki chote kwa sababu wanaotoa dizeli na kuweka umeme kwenye boti za matanga wanaongezeka, na wengi wao wanaanza na swali lile lile ambalo sisi tulianza nalo: mota ya kilowati ngapi? Swali hilo lilitupotosha.

Boti na daftari lake

Boti ni ya fibaglasi, urefu wa mita 9, uzito wa tani 4 na nusu ikiwa na vitu vyake vyote. Sehemu yake inayokaa majini ina urefu wa mita 7.6, na namba hiyo ndiyo inayotawala mwendo. Boti nzito inayokata maji, isiyoweza kupanda juu yake, huzuiwa na wimbi inalolitengeneza yenyewe. Ukichukua kipeuo cha pili cha urefu wa majini kwa mita, ukazidisha kwa 2.43, unapata noti ambazo boti haitazipita ila kwa gharama kubwa mno. Kwa hii ni noti 6.7.

Dizeli yake ilikuwa ya silinda mbili, nguvu ya farasi 18. Ilikuwa inawaka vizuri, lakini ilivuja mafuta ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na kila harufu ndani ya boti ilitokana nayo. Nahodha alikuwa amechoka kufuta. Zaidi ya hapo alitaka kimya, na sioni haja ya kumtafutia sababu kubwa kuliko hiyo.

Kilichonifanya nikubali kazi ni daftari. Kwa misimu miwili alikuwa ameandika kila mara alipowasha injini na kila mara alipoizima. Karibu safari zote zilikuwa za namna moja: dakika 20 kutoka, kupandisha tanga, kisha dakika 20 au 30 za kurudi. Mara moja tu injini ilikwenda saa 3 mfululizo, siku ambayo upepo ulikufa kabisa. Mtu wa safari za namna hii anaufaa umeme. Mtu ambaye daftari lake limejaa saa 10 na 12 za injini ningemwambia abaki na dizeli yake, aitunze vizuri, na nisingemficha kwa nini.

Sababu iko kwenye hesabu ya nishati. Lita moja ya dizeli ina karibu kilowati-saa 10. Injini ndogo hupoteza sehemu kubwa kama joto, na kinachofika kwenye shafti ni kama 2.5 hadi 3. Betri tuliyopanga kuweka ilikuwa ya kilowati-saa 14.3, yaani yuniti 14 na kidogo za umeme kama unazozijua nyumbani. Mota na kontrola yake, kifaa kinachoipimia umeme kutoka betri, hupoteza kidogo tu, kwa hiyo betri nzima, yenye uzito wa zaidi ya kilo 100, ni sawa na lita 4 au 5 za dizeli. Tangi lake la zamani lilibeba lita 60. Nilimwandikia namba hizo mbili kwenye karatasi moja, 5 na 60, nikamwachia alale nazo. Kesho yake akaniambia endelea.

Si jambo geni hata hivyo. Moritz Hermann von Jacobi aliendesha boti kwa mota ya umeme kwenye mto Neva mwaka 1838, miaka 59 kabla injini ya Rudolf Diesel haijafanya kazi ipasavyo mwaka 1897. Na mwaka 1881 Gustave Trouvé alipita mto Seine, Paris, na mota yake ya umeme. Mota zilikuwapo. Ni betri ndiyo iliyochelewa karne nzima na zaidi.

Tulichofunga

Betri tulichagua ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, seli 16 mfululizo, kila moja ya volti 3.2 na ampea-saa 280. Jumla ni volti 51.2. Ikijaa kabisa hufika 58.4, na hilo lina maana yake: volti 60 za umeme wa moja kwa moja ndio mpaka ambao viwango vingi vya usalama huuhesabu kuwa umeme mdogo, na kwenye boti, mahali pa chumvi na mikono yenye maji, sikutaka kuuvuka. Nahodha aliwahi kupendekeza betri za risasi, kama zile za magari, kwa sababu anazifahamu. Lakini betri ya risasi hutakiwi kuishusha chini ya nusu ukitaka idumu, na ukiivuta kwa nguvu hutoa pungufu ya ilichoandikiwa. Kupata nishati ile ile tungebeba zaidi ya kilo 600. Boti ya tani 4 na nusu haiwezi kukubali mzigo huo kimyakimya.

Seli zilikaa chini ya viti vya kati, juu ya mkuku, uti wa chini wa boti, si kule tezi, nyuma, ilikokuwa injini. Tulitoa injini, giaboksi, bomba la moshi, tangi na betri za kuwashia, kama kilo 230; tukaingiza kama 160. Tezi ikainuka karibu sentimita 2, na siku ya kwanza ya tanga nahodha alisema usukani umekuwa mwepesi mkononi.

Kila betri ya namna hii lazima iwe na fyuzi yake karibu kabisa na kichwa cha chanya, na si fyuzi yoyote. Lithiamu ikipigwa shoti hutoa maelfu ya ampea kwa kufumba na kufumbua, na fyuzi ya kawaida inaweza kuyeyuka ndani huku moto ukiendelea kuruka kati ya ncha zake. Umeme wa nyumbani hupita sifuri mara nyingi kwa sekunde, ndiyo maana cheche yake huzimika. Huu wa betri haupiti sifuri kamwe. Tuliweka fyuzi ya daraja T, inayoweza kukata ampea 20,000. Hapa sikubali mjadala na mtu.

Mota ilikuwa isiyo na brashi, ya sumaku za kudumu, kilowati 10. Na hapa ndipo tulipokosea. Aliyetuuzia alishauri tuifunge moja kwa moja kwenye shafti, bila gia wala mkanda. Hoja yake ilisikika vizuri: mota ya umeme ina msokoto wake wote, yaani nguvu ya kuzungusha, tangu mzunguko wa kwanza, giaboksi ya nini tena? Vitu vichache, kelele chache, hasara chache. Nilikubali. Nilikuwa na karatasi ya vipimo vya mota mbele yangu na nikasoma mstari wa kilowati nikaacha mstari uliofuata.

Kutafuta zilikopotelea

Tuliporudi gatini siku ile ya jaribio nilifungua kifuniko cha chumba cha mota. Joto likanipiga usoni. Kipimo kikaonyesha nyuzi 98 kwenye gamba la mota, baada ya nusu saa tu ya mwendo. Kontrola ilikuwa imefanya kazi yake: iliona joto, ikapunguza nguvu, na ikatushikilia kwenye noti 4.8.

Tulianza kushuku vya kawaida. Chini ya boti palikuwa pasafi, pamepakwa rangi mwezi ule. Propela haikuwa na jeraha. Betri nilidhani imechoka, lakini chini ya mzigo ilisoma volti 52.1, imara. Ndipo nilipoangalia ampea za betri nikashindwa kuelewa. Zilikuwa 81. Kontrola inaruhusu 200. Volti 52 mara ampea 81 ni kilowati 4 na kidogo. Mota ya kilowati 10 ilikuwa inapewa chini ya nusu ya uwezo wake, na bado ilikuwa inaungua.

Usiku ule sikulala vizuri. Kitu kinachopewa kidogo hakipaswi kuchemka.

Asubuhi nilichukua mita ya kubana, nikaibana kwenye waya mmoja kati ya mitatu inayotoka kontrola kwenda kwenye mota. Nahodha akashika kipini, boti ikiwa imefungwa kwa kamba nne. Ampea 230. Upande wa betri 81, upande wa mota 230, kwa wakati mmoja.

Hapo nikafahamu. Kontrola inabadilisha umeme: mota inapozunguka polepole huhitaji volti chache, na kontrola huchukua volti nyingi na ampea chache za betri ikazigeuza kuwa volti chache na ampea nyingi za mota. Msokoto wa mota unatokana na ampea zile za upande wake. Joto pia linatokana nazo, na halipandi kwa uwiano sawa: ukizidisha ampea mara mbili, joto linakuja mara nne. Kipimo cha ampea cha betri, ambacho ndicho kila mtu hukiweka mbele ya nahodha, hakioni lolote kati ya hayo.

Nikarudi kwenye ile karatasi. Kilowati 10, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika. Msokoto wa kuendelea: nyutoni-mita 32. Ndio mstari nilioupita.

Propela ya boti, inchi 15 kwa 10 (upana, kisha mlalo, yaani hatua ambayo ingesogea kwa mzunguko mmoja), ilichaguliwa kwa ajili ya dizeli iliyokuwa na giaboksi ya 2.6 kwa 1. Ili kuipeleka boti noti 6 inataka kuzunguka mara 1,230 kwa dakika na inadai nyutoni-mita 53. Hiyo ni kama kilowati 6.8 kwenye shafti, ndani kabisa ya uwezo wa mota kwa kilowati. Kwa msokoto haiwezekani. Mota yenye 32, ikifungwa moja kwa moja, inafika mahali kwenye mizunguko 980 ambapo propela inadai yote iliyo nayo, na hapo nguvu yake ni kilowati 3.3 tu. Zile nyingine hazikupotea popote. Zilikuwa zinangoja huko kwenye mizunguko 3,000, ambako propela ile isingeiruhusu mota kufika kamwe.

Nilimweleza nahodha kwa mfano wa baiskeli: umepanda mlima ukiwa kwenye gia ya tambarare. Miguu inatetemeka, jasho linatoka, na mwendo hakuna. Akaelewa kabla sijamaliza.

Dawa zilikuwa mbili. Ya rahisi ilikuwa kununua propela ndogo, yenye mlalo mdogo, ili mota izunguke haraka. Nilikataa. Propela kubwa inayozunguka polepole husukuma maji mengi taratibu na kupoteza kidogo. Ndogo inayozunguka haraka huyachuruza maji machache kwa fujo. Mwenye dizeli anaweza kuvumilia hasara hiyo. Mwenye lita 5 hawezi. Kwa hiyo propela ilibaki, tukaweka mkanda wa meno: puli ya meno 30 kwenye mota, ya meno 66 kwenye shafti. Uwiano 2.2 kwa 1. Sasa propela ikizunguka mara 1,230 mota inazunguka karibu 2,700, na zile nyutoni-mita 53 zinakuwa 24 upande wa mota. Kwa mwendo ule ule, ampea za mota zimegawanywa kwa 2.2, na joto la nyaya zake limepungua karibu mara 5.

Jambo moja ambalo watu husahau wakitoa giaboksi ya dizeli: ndiyo iliyokuwa inabeba msukumo. Propela ikisukuma maji nyuma, shafti inasukumwa kuelekea omo, mbele ya boti, na kwenye noti 6 msukumo huo kwenye boti hii ni kama uzito wa kilo 110. Mota haikuundwa kubeba hilo. Tuliweka beringi ya msukumo kwenye kitako chake, kimefungwa kwa boliti kwenye mbavu zile zile zilizobeba injini, na puli zikapangwa kwa rula ndefu mpaka mwanga usipite kati yake.

Jaribio la pili: noti 6.1. Ampea za betri 160. Mota, baada ya dakika 40, nyuzi 61. Nahodha hakusema neno, aliniwekea mkono begani tu.

Harufu

Ningependa kisa kiishie hapo. Dakika ya 50 ya jaribio hilo hilo, tukirudi, nilisikia harufu ya plastiki iliyopashwa. Ukiwa kwenye boti ya umeme, harufu hiyo inatosha kusimamisha kila kitu. Tukazima, tukatupa nanga, nikashuka ngamani na tochi. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwenye kazi hii methali hiyo ni maelekezo ya ufundi.

Kwenye kichwa cha kebo nene ya hasi, pale inapoingia kwenye swichi kuu, ganda jekundu la kubana lilikuwa limegeuka kahawia upande mmoja, na ukingo wake umejikunja kama jani kavu. Nyuzi 94. Kichwa cha pili cha kebo ile ile, hatua moja tu pembeni, nyuzi 38.

Niliomba dakika mbili za mzigo, nikagusisha ncha za voltimita: moja kwenye shaba ya kebo, moja kwenye boliti. Volti 0.45. Inaonekana ndogo. Lakini ampea 158 zikipita kwenye 0.45 ni wati 71, zote zinageuka joto ndani ya kipande cha shaba kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Kwenye kiungo kizuri ningetarajia kusoma milivolti chache tu, yaani sehemu chache za elfu za volti.

Nilikikata kwa msumeno. Kichwa kilikuwa cha kebo ya milimita za mraba 95, kebo yenyewe ni ya 70. Nyuzi za shaba zilikuwa zimebanwa upande mmoja, na upande wa pili palikuwa na uwazi mweusi. Kebo zilikuja zimeshabanwa kutoka dukani. Nilizivuta kwa mkono kila moja nikaridhika. Kuvuta hakupimi ukinzani. Na cha kutisha zaidi ni kwamba wakati mota imefungwa vibaya, kwa ampea 81, kiungo kile kilitoa wati 19 tu na hakikujionyesha. Kosa la kwanza lilikuwa linalificha la pili. Tulipoipa boti nguvu yake halisi ndipo lilipojitokeza.

Tulirudia vichwa vyote 14 kwa koleo la haidroliki lenye kinywa cha saizi sahihi, na kila kimoja nikakipima chini ya mzigo kwa njia ile ile. Ukichukua kitu kimoja kutoka kwenye kisa hiki, chukua hicho: pima kila kiungo kwa milivolti kikiwa kinafanya kazi, kabla hujamkabidhi mtu boti yake.

Upepo wa mbele

Kwenye maji tulivu tulipata namba hizi za betri: noti 3 inakula wati 750, noti 4 wati 1,700, noti 5 wati 3,600, noti 6 wati 8,000. Tukitumia asilimia 80 ya betri, ambayo ni kama kilowati-saa 11.5, noti 6 zinampeleka maili 8 na nusu. Noti 5, maili 16. Noti 4, maili 27. Noti 3, maili 46. Boti ni ile ile na betri ni ile ile; anayechagua umbali ni mkono ulioshika kipini. Kwenye dizeli alikuwa na zaidi ya saa 40 za noti 5 tangini na hakuwahi kuwaza jambo hilo.

Lakini namba za maji tulivu hazitoshi, na hapa nilimlazimisha twende siku mbaya. Tulingoja upepo wa noti 20 ukivuma moja kwa moja kutoka tuendako, mawimbi mafupi ya kama mita moja. Noti 4 zilizokula wati 1,700 sasa zilitaka 4,600. Noti 3 zilitaka 2,900, karibu mara nne. Kila wimbi la tatu liliisimamisha boti, omo ikaingia majini, na mota ikaanza upya kuivuta. Kwa hesabu hiyo zile kilowati-saa 11.5 zingempeleka maili 10 kwa noti 4. Aliniangalia, safari hii bila tabasamu.

"Dizeli ingepita hapa," akasema.

"Ingepita. Lakini boti yako ina mlingoti, nahodha."

Akapandisha tanga kuu, limepunguzwa mkunjo mmoja, tukaacha kuupinga upepo uso kwa uso tukageuka kama nyuzi 30 pembeni. Mota tukaishusha hadi kilowati 1. Boti ikalala kidogo, ikatulia, na kipima mwendo kikapanda: noti 4.8. Kilowati moja ilikuwa inafanya kazi ambayo tanga peke yake lisingeifanya: omo ilipopigwa na wimbi na boti ikataka kusimama, propela iliiweka kwenye mwendo, na tanga likaendelea kushika. Tulibisha kushoto, tukabisha kulia, yaani tukaupanda upepo kwa kukata pembe upande mmoja kisha mwingine. Njia ilikuwa ndefu zaidi lakini kwa kila maili tuliyosogea kuelekea upepo tulitumia kama robo ya nishati.

Hili, kwa maoni yangu, ndilo jambo ambalo wauzaji wa mota hawalisemi na wapinzani wa umeme hawalijui. Watu hupima boti ya umeme kwa kuiuliza kama inaweza kufanya alichofanya dizeli. Kwenye boti ya matanga, mota na tanga vinaweza kufanya kazi pamoja kwa namna ambayo dizeli haikuweza, kwa sababu dizeli haipendi kuzunguka na mzigo mdogo kwa saa nyingi: inajaa masizi, na usipoangalia boti ikilala inakosa mafuta ya kulainisha. Mota haijali. Inaweza kutoa wati 400 mchana kutwa.

Kwa uzalishaji wa umeme chini ya tanga sikumpa matumaini makubwa. Propela ikizungushwa na maji kwenye noti 6 ilirudisha kama wati 180, na ikatugharimu karibu nusu noti ya mwendo. Chini ya noti 5 ilikuwa haifai hata kuitaja. Tena ina hatari yake: propela inayozunguka huzalisha volti hata kama umezima kila kitu, na saketi ya ulinzi ikikata betri ghafla wakati huo, volti hiyo haina pa kwenda ila kwenye kontrola. Tumeweka shafti ifungwe kwa pini pale asipohitaji chaji. Paneli mbili za sola za wati 200 kila moja zinamfaa zaidi. Siku ya jua zuri zinarudisha kilowati-saa moja na nusu hadi mbili, yaani karibu saa moja ya noti 4. Akilala gatini, chaja ya kilowati 3 inaijaza kutoka asilimia 20 kwa saa 4 hivi.

Kitu cha mwisho tulichobadilisha kilikuwa kipimo. Mwanzo aliangalia volti, kama alivyozoea kwenye betri za risasi. Betri hii hukaa karibu kwenye volti zile zile kutoka asilimia 90 hadi 20, kisha huanguka kama jiwe. Volti zinakudanganya hadi dakika ya mwisho. Tuliweka shunti inayohesabu kila ampea inayoingia na kutoka, na kando ya ngazi ya kushukia chini nikabandika karatasi yenye safu mbili: wati, na saa zilizobaki kwa wati hizo. Asilimia haimo kwenye karatasi hiyo. Baharini nahodha anataka kujua kama atafika.

Mwaka umepita sasa. Mkanda umekazwa mara moja, zinki za shafti, zinazoliwa na kutu badala ya shafti yenyewe, zimebadilishwa kwa wakati wake, na beringi ya nyuma ya shafti, ambayo kwa miaka mingi dizeli ilifunika kelele yake, tumeibadilisha kwa sababu sasa inasikika. Nahodha anataka betri ya pili, aongeze saa. Nilimwomba anionyeshe daftari kwanza. Amekwenda safari 41, na kati ya hizo ni moja tu aliyorudi na chini ya asilimia 30: ile niliyomlazimisha.